Kutoka Tabora Hadi Ujiji: Siku Nane za Kutafuta Zege Lisilosubiri Treni

Siku ya kwanza, Tabora mjini

Mjomba wangu, ambaye hufyatua matofali ya kutandaza uani na makalavati madogo pale Mwanga, Kigoma, alinipigia simu mwezi wa Julai kunieleza kwamba kazi yake ilikuwa imesimama wiki ya pili kwa kukosa saruji. Mwisho wa maongezi alisema maneno ambayo ndiyo yamenitoa nyumbani: "Mpwa wangu, wewe umesomea vifaa vya ujenzi. Nitafutie zege lisilosubiri treni."

Madai yake yana uzito. Mfuko wa saruji unaotoka pwani husafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kabla ya kushushwa Kigoma, na kila kilomita hulipiwa na mnunuzi wa mwisho. Mimi nina sababu nyingine ya kutaka kumjibu. Saruji hupatikana kwa kuchoma chokaa-mawe pamoja na udongo katika joto la nyuzi 1,450 za Selsiasi, na jiwe hilo linapoungua huachia hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake, mbali na ile inayotoka kwenye makaa yanayolichoma. Zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa ya saruji inatoka katika jiwe lenyewe, kwa hiyo hata kiwanda kikibadilisha nishati, sehemu hiyo haiondoki. Kwa jumla, viwanda vya saruji hutoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani.

Zege la jiopolima hufuata njia nyingine. Badala ya saruji kushikamana kwa maji, unga wenye silika (ile iliyo nyingi katika mchanga) na alumina (ile iliyomo katika udongo wa mfinyanzi), kama vile majivu ya makaa ya mawe, takataka za tanuri la chuma au udongo uliochomwa, huyeyushwa na maji makali ya kostiki soda na silikati ya sodiamu, kisha chembe zake hujiunga upya kuwa mtandao mgumu kama jiwe. Australia, Ulaya na Asia wanatumia zaidi majivu ya mitambo ya umeme na takataka za chuma. Hapa Tabora hakuna mlima wa majivu ya makaa ya mawe wala tanuri la kuyeyusha chuma, na ndiyo maana nimeamua kutobeba kanuni ya mtu mwingine. Mchana nimekwenda kwenye mashine ya kukoboa mpunga nje kidogo ya mji, ambako nyuma ya jengo kuna kilima cha pumba kilichozidi kimo cha paa. Mwendeshaji wa mashine alinieleza kwamba huwalipa vijana waziondoe, na wao huzichoma porini.

Nimefanya hesabu mbele yake kwenye daftari: kilo 100 za mpunga hutoa karibu kilo 20 za pumba, na pumba hizo zikiungua hubaki kama kilo 4 za majivu ambayo sehemu yake kubwa, mara nyingi zaidi ya asilimia 85, ni silika. Alitazama kile kilima, akatazama daftari, akaniuliza kama ninataka kuanza kuchukua leo.

Siku ya pili, kwenye tanuri la matofali

Nimefika kwa mzee mmoja anayechoma matofali kwa kutumia pumba badala ya magogo. Ninamheshimu kwa hilo kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu misitu ya miombo ya mkoa huu imebeba mzigo mzito wa mabani ya kukaushia tumbaku na matanuri ya matofali. Nilimwamkia, akaitikia "Marahaba, mwanangu," akanipa kiti cha tofali na kunieleza tanuri lake kama mtu anavyoeleza ng'ombe wake mmoja mmoja.

Hapa ndipo nilipopata somo kubwa kuliko yote ya safari hii. Mdomoni mwa tanuri, mahali moto ulipokuwa mkali, majivu ya pumba yalikuwa meupe yenye wekundu kwa mbali, mazuri kwa macho, mepesi kama unga wa muhogo. Pembeni, mahali pumba zilipoungua polepole kwa kukosa hewa, yalikuwa ya kijivu kinachokaribia weusi, na vipande vyake vilikuwa bado na umbo la ganda la mpunga. Mtu asiyejua angechagua meupe kwa sababu yanaonekana safi. Kumbe pumba zikiungua kwa joto linalozidi nyuzi 700 hivi kwa muda mrefu, silika yake huanza kujipanga kuwa fuwele, na silika ya fuwele haiyeyuki kwa urahisi kwenye kostiki. Yale ya kijivu yamebaki na mkaa kidogo, lakini silika yake haijajipanga, na ndiyo inayokubali kufanya kazi.

Nimejaza ndoo mbili, moja ya kila aina, ili mjomba aone tofauti kwa mkono wake mwenyewe.

Mzee pia amenipa matofali yaliyovunjika, ambayo huyarundika kando kwa sababu hayana mnunuzi. Nimeacha yale yaliyoungua hadi kung'aa kama kioo cheusi, na pia yale ya nje kabisa ambayo bado yanamumunyika kama udongo mbichi. Nimechukua ya katikati, yenye rangi ya chungwa. Udongo wenye kaolini, yaani madini meupe ya mfinyanzi, ukichomwa kati ya nyuzi 600 na 800 hupoteza maji yaliyofungwa katika umbo lake, na hapo alumina na silika zake huwa tayari kuyeyushwa. Ukipita sana kiwango hicho, huanza kufunga tena. Rangi si kipimo cha maabara, lakini mzee ameangalia rangi hizo kwa zaidi ya miaka 30, na jicho lake lilitenga rundo haraka kuliko mimi.

Kazi ya kuponda imekula jioni yote. Vijana wawili wametwanga vipande kwenye kinu kizee, tukachekecha kwa chekeche la unga, kisha tukachekecha tena kwa kitambaa cha khanga. Unga usipokuwa laini kostiki hugusa tu ngozi ya chembe na kuacha kiini kama kilivyo.

Siku ya tatu, kuchanganya

Nilianza alfajiri kabla ya upepo. Nimepima gramu 320 za kostiki soda kwa kila lita ya mchanganyiko, nikaitia kidogo kidogo ndani ya maji. Ni kostiki inayotiwa kwenye maji. Maji hayamiminwi juu ya kostiki, kwa kuwa huchemka ghafla na kurukia uso. Hata kwa utaratibu huo ndoo ilipata moto mpaka isishikike, na harufu yake ilikwangua koo. Nilikuwa nimeweka ndoo nyingine mbili za maji safi karibu, za kuoshea ngozi ikiwa tone lingeruka, na sikumruhusu mtu asiye na glavu na miwani kusogea.

Kijana mmoja, kwa nia njema, aliniletea sufuria ya kuchemshia majivu. Ilikuwa ya alumini. Nilimzuia kwa sauti kali kuliko nilivyokusudia, kisha nikamwomba radhi na kumweleza: miaka michache iliyopita, katika karakana ambako nilikuwa ninajifunza, tulimimina kostiki kwenye sufuria kama ile, ikaanza kutoa povu na gesi ya hidrojeni inayoshika moto, na ndani ya muda mfupi kitako kilikuwa na matundu. Mwenzangu mmoja aliungua mkono. Kwa kazi hii ni chombo cha plastiki ngumu au cha chuma tu.

Tulipata pipa dogo la chuma. Mchanganyiko ulipotulia nikautia humo majivu ya kijivu, tukauweka juu ya jiko la mkaa na kukoroga kwa muda wa saa mbili bila kuuacha uchemke kwa nguvu. Hiyo ni njia ya kujitengenezea silikati ya sodiamu kutoka kwenye pumba badala ya kuinunua. Majivu yalizama, yakalainika, na kile kimiminika kikawa kizito kama asali iliyoanza kupoa, cheusi kwa sababu ya mkaa. Tulipokichuja, kitambaani kilibaki kitope chembamba. Kisha nikarudia kazi ileile kwa majivu meupe. Saa mbili zilipita, kimiminika kikabaki chepesi kama maji ya kunawa, na chini ya pipa kukawa na tabaka zito linalokwaruza kijiko kama mchanga wa mtoni. Yule mzee aliinama, akalikwaruza mara mbili kwa kijiko, akasema, "Kumbe huo moto mkubwa tunaousifu unaua majivu."

Tulichanganya unga wa tofali, mchanga na kimiminika katika makundi matatu: la kwanza kwa silikati ya majivu ya kijivu, la pili kwa ile ya majivu meupe, la tatu kama la kwanza, ila liliongezwa chokaa kidogo ili kuona kama litashika bila joto. Kila kundi lilijaza kalibu tatu za mbao zilizopakwa mafuta, sentimita 10 kila upande. La kwanza lilinata kwenye mwiko na kutiririka polepole lilipogongwa. La tatu lilianza kukauka tungali tunajaza kalibu ya tatu, nami nikaelewa kwa vitendo kwamba kalisi iliyomo katika chokaa huharakisha mno mchanganyiko wa namna hii.

Swali la joto lilijibiwa na mahali penyewe. Jiopolima yenye kalisi kidogo hushika polepole katika hali ya hewa ya kawaida, na kwa kawaida huwekwa kwenye joto la nyuzi 60 hadi 80 kwa saa 24. Sina oveni, lakini tanuri la mzee lilikuwa limezimwa siku tatu zilizopita na bado linapoa. Kipimajoto juu ya kifuniko chake cha udongo kilisoma kati ya nyuzi 60 na 70. Tukapanga kalibu zote juu yake, tukazifunika kwa nailoni ili maji yasikimbie kabla ya wakati. Joto lile lilikuwa linapotelea angani kila msimu.

Siku ya nne

Nimengoja. Nilikagua joto asubuhi, adhuhuri na usiku, na lilishuka hadi nyuzi 50 karibu na alfajiri.

Siku ya tano, stesheni ya Tabora

Tumevunja kalibu asubuhi. Michemraba ya kundi la kwanza imetoka na kona kali, rangi ya kahawia iliyokolea, na inapogongwa kwa nyundo hutoa mlio mkavu. Msumari unaacha mstari mwembamba tu. Ya kundi la pili inatoa sauti butu, na kona moja ilibaki ndani ya kalibu. Ya kundi la tatu ni migumu, ila mmoja una mashimo kama mzinga kwa sababu ulijazwa ukiwa umeshaanza kushika.

Michemraba tisa, kila mmoja karibu kilo mbili, ilinifanya nitafute mchukuzi pale stesheni. Mzee wa tanuri alikuja kuniaga na kunikabidhi chupa ya asali nimpelekee mjomba, mtu ambaye hajawahi kumwona.

Siku ya sita, ndani ya treni

Treni ilipita Urambo na Kaliua gizani, na kulipopambazuka tulikuwa tunaelekea mbuga za Malagarasi. Abiria wa kiti cha mbele, fundi mwashi aliyekuwa anarejea Kasulu, aliuliza kwa nini ninasafirisha vipande vya tofali kwa uangalifu wa mayai. Nilimpa mmoja wa kundi la kwanza. Aliupima mkononi, akaugonga kwa ufunguo wake, akaulamba kidogo kwa ncha ya ulimi kama mafundi wa zamani wanavyofanya kwa chokaa, kisha akatema na kusema una ukali wa sabuni. Alikuwa sahihi: hiyo ni sodiamu ambayo haikufungwa, nami nilimwomba anawe mdomo mara moja.

Alitaka kujua kama kuna mtu aliyejenga kitu cha maana kwa njia hii. Nilimweleza kwamba Viktor Glukhovsky wa Kyiv alikuwa anachunguza viunganishi vya namna hii, yaani vitu vinavyoshikamanisha zege badala ya saruji, tangu miaka ya 1950. Kwamba jina la jiopolima lilitolewa na Joseph Davidovits, mwanakemia wa Ufaransa, miaka ya 1970, alipokuwa akitafuta vifaa visivyoshika moto. Na kwamba uwanja wa ndege wa Wellcamp karibu na Toowoomba, Australia, uliofunguliwa mwaka 2014, ulimwagwa takriban mita za ujazo 40,000 za zege la jiopolima, na ndege kubwa hugeuka na kuegesha juu yake. Uingereza nayo ilitoa mwongozo wa viunganishi hivyo mwaka 2016, unaopima kile ambacho zege linaweza kufanya badala ya kuuliza limetengenezwa na nini. Fundi alisikiliza yote, akauliza swali ambalo nimelinukuu kama lilivyo: "Na ukuta wake hautoi chumvi?" Kila mwashi anaijua chumvi ile nyeupe inayopanda ukutani na kubandua rangi. Nilimjibu kwamba, ndiyo, kostiki ikizidi hutoa, na kwamba hilo ndilo nitakalolipima Kigoma kabla ya kumwahidi mtu yeyote nyumba.

Uvinza tulisimama. Wauzaji walipita madirishani na mifuko ya chumvi, na nilinunua mmoja, nikiwa nimeguswa na fikra ambayo sijaweza kuiacha. Chumvi imechemshwa katika chemchemi za hapa kwa zaidi ya miaka 1,000. Na kostiki soda yote ninayobeba ndooni hutengenezwa kwa kupitisha umeme katika maji ya chumvi kama hayo. Nimevuka mahali ambapo mali ghafi yake inauzwa dirishani kwa mfuko, nikiwa nimebeba iliyosafiri kutoka mbali.

Tumeingia Kigoma alasiri, na mjomba alikuwa jukwaani.

Siku ya saba, Mwanga

Mjomba hakutaka maelezo kabla ya majaribio. Tuliteka maji ya ziwa kule Kibirizi, tukayajaza katika beseni tatu, tukatumbukiza mchemraba mmoja wa kila kundi tangu asubuhi hadi jioni. Ule wa pili ulianza kuachia chembe kabla ya adhuhuri na jioni kona zake zilikuwa zimekuwa duara. Wa kwanza na wa tatu ilitoka mizima. Lakini tulipouanika ule wa kwanza juu ya bati, kabla jua halijazama vilikuwa vimeota vinyweleo vyeupe kwenye upande mmoja, vidogo kama ukungu wa mkate. Swali la fundi wa Kasulu lilikuwa limejibiwa. Nimeandika kwamba safari ijayo kostiki ipunguzwe na unga wa tofali uwe laini zaidi ili uifunge yote.

Kwa matofali ya uani mjomba ameridhika kuendelea kujaribu. Kwa kalavati lenye nondo nimekataa, na nitakataa hadi yapimwe kwenye mashine ya kukandamiza na kukaa masika nzima nje.

Kisha akauliza, akiwa ameshika ndoo yangu ya kostiki: "Na hii, mpwa wangu, imekuja na nini?"

Imekuja na treni. Nilimwambia hivyohivyo. Nilimwambia pia kwamba kostiki ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika mchanganyiko huu, na ndiyo sehemu kubwa ya hewa ya ukaa iliyobaki ndani yake, kwa kuwa umeme mwingi hutumika kuitengeneza. Anayehesabu majivu na kusahau kostiki anajidanganya.

Siku ya nane, Ujiji

Mjomba amenipeleka kwa bibi mmoja anayetengeneza sabuni ya mawese. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akatukaribisha kwenye kivuli cha mchikichi na kutuuliza kwanza habari za watu wa Tabora wote, ndipo habari za kazi. Siku hizi hutumia kostiki ya dukani kama kila mtu. Lakini aliposikia shida yetu alisema kwamba mama yake hakuwa na duka: alichoma mikungu mitupu ya ngazi, yaani matunda ya mchikichi, akachuja maji katika majivu yake kwa kikapu, na sabuni ikatoka. Majivu hayo yana potasiamu nyingi, na potasiamu hufanya kazi ileile ya sodiamu katika jiopolima, ila maji yanayochujwa kwa maji matupu ni dhaifu kwa mahitaji yetu.

Hapo nikamwomba magadi. Magadi yakichanganywa na chokaa iliyozimwa katika maji moto, chokaa huchukua kaboneti na kuzama kama tope jeupe, na juu hubaki maji ya kostiki. Chokaa nayo imechomwa mahali fulani na imetoa hewa yake ya ukaa, kwa hiyo hesabu haiwi safi kabisa. Lakini tope linalozama ni unga uleule wa chokaa-mawe, unaoweza kuchomwa tena au kuongezwa kwenye mchanganyiko kama kijazio. Bibi alileta magadi ya jikoni kwake, mjomba akaleta chokaa ya kupaka kuta, nami nikapima katika mizani. Tulichemsha katika sufuria yake ya chuma, yeye akikoroga kwa sababu mkono wake unaijua kazi hiyo kuliko wangu, na glavu zangu zikiwa zimemfika viwikoni.

Alipoepua, aliniuliza nitajuaje kama yameiva. Nilimwambia nitapima kesho yakishatulia. Akachukua kipande kidogo cha karatasi ya alumini iliyofungia biskuti, akakitupa ndani ya kijiko cha maji ya juu. Kilianza kutoa povu.

Tumefunika sufuria kwa ubao na jiwe, mbali na watoto. Tope linazama polepole. Nimeahirisha treni yangu ya kurudi hadi wiki ijayo, na mjomba amekwenda Gungu kuulizia matofali yaliyovunjika.